Mambo Madogo Yanayotufurahisha Hapa Gand

Tunawaandikia kutoka Gand, mji wa Ubelgiji ambao wenyeji wake wanauita Gent. Wengine kati yenu mnatufahamu: tulifundisha Kifaransa miaka minane katika shule ya sekondari pale Bukavu, kisha tukamfuata baba watoto aliyepata nafasi ya kusoma huku. Sasa huu ni mwaka wa tatu. Tuko wazazi wawili na watoto watatu, katika nyumba nyembamba yenye ngazi nyingi, hatua chache kutoka kwenye maji.

Barua za watu walio Ulaya mnazijua. Kuna za kujisifu, zenye picha mbele ya gari la mtu mwingine. Kuna za kulia: baridi, makaratasi, upweke. Zote zina ukweli wake. Leo tunaandika za aina ya tatu, na aliyetutuma ni mama yetu mzazi.

Tangu vita ilipoingia Bukavu mwezi wa pili wa mwaka 2025, kila siku ya yenga tukimpigia telefone tulikuwa tunaongea jambo moja tu. Nani amekimbia, nani hajaonekana, mabenki yamefungwa, unga umepanda bei. Siku moja akatukatiza: "Wanangu, hizo habari tunazo hapa, tunalala nazo na kuamka nazo. Ninyi mnipe kitu kimoja kizuri mlichokiona juma hili. Kimoja tu. Na kisiwe cha kununuliwa."

Neno hilo la mwisho lilitusumbua. Kitu kizuri cha Ulaya ambacho hakikununuliwa? Lakini mwalimu anayewapa watoto wa watu kazi ya nyumbani kila jioni, akipewa ya kwake hawezi kukataa. Tulianza kutafuta. Haya ni baadhi ya tuliyompelekea, juma kwa juma.

Maji na wanaoishi juu yake

Gand ulianzia mahali mito miwili inapokutana, Lys na Escaut, ambayo kwa Kiflama ni Leie na Schelde. Baadaye watu wakachimba mifereji, na leo maji yanapita kila upande: nyuma ya nyumba, chini ya madaraja, mbele ya kanisa. Mtu wa Bukavu hawezi kuwa mgeni kabisa penye maji. Tumekulia katika mji wenye rasi tano zilizoingia ziwani kama vidole vya mkono. Asubuhi yetu ya kwanza hapa tulifungua dirisha, harufu ya maji ikaingia, na mtoto wetu wa pili akauliza kutoka kitandani: "Mama, hapa ni Kivu?"

Si Kivu. Maji ya hapa ni ya kijani kibichi yenye udongo, yanatembea polepole kama mzee anayetoka misa, na ng'ambo yake hakuna milima. Lakini bata wamo, na vijana wanaokaa ukingoni miguu ikining'inia juu ya maji wamo pia.

Kinachotufurahisha kuliko vyote ni daraja linalofunguka. Upande wa bandari kuna daraja linaloinuliwa ili mashua za mizigo zipite. Kengele inalia, taa nyekundu inawaka, kizuizi kinashuka, na wote wanasimama: bwana mwenye gari zuri, mwanafunzi, mama mwenye watoto. Katika nchi hii ambayo kila mtu anakimbizana na saa, kwa dakika chache hakuna anayeweza kuwa na haraka.

Ndipo mashua inapita, ndefu kuliko kanisa, imejaa mchanga au chuma. Nyuma yake kuna nyumba ndogo yenye mapazia, maua dirishani, nguo zimeanikwa, na mara nyingine gari dogo limepandishwa juu. Ni familia inayoishi humo. Siku moja mama mmoja alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi huku nyumba yake ikitembea. Watoto wetu wakampungia mkono. Naye, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akainua kisu na kiazi kuwasalimu.

Mama yetu alicheka mpaka akakohoa. Alikumbuka safari za mashua kwenda Goma na Idjwi, wamama na mizigo yao, watoto wamelala juu ya magunia. "Kumbe hata huko," akasema, "viazi havingojei mashua ifike."

Kinga

Mwezi wa nne wa mwaka 2017 mji huu ulipanga upya barabara zake. Sehemu kubwa ya katikati haipitiwi tena na magari ya kawaida; anayetaka kwenda mtaa mwingine kwa gari anazunguka kwa nje. Basi katikati ya mji unasikia watu. Unasikia viatu juu ya mawe, kengele za kinga, na juu ya yote kengele za Belfort, mnara wa mita 91 wenye joka la dhahabu kileleni. Kengele hizo zinapiga nyimbo. Mtoto wetu mdogo hajui kusoma saa, lakini akisikia mnara unaimba anajua ni muda wa kuvaa viatu.

Na kila mtu yuko juu ya kinga. Bibi mwenye mvi anapita na kikapu cha mboga. Mama anapita na kinga yenye sanduku kubwa mbele, ndani yake watoto watatu na mifuko yao ya masomo, na mvua ikinyesha anawafunika kwa turubai lenye dirisha. Kwetu Bukavu ni miteremko na matope, na msichana anafundishwa mapema kwamba kinga ni ya kaka zake. Tulifika hapa tukiwa na zaidi ya miaka 30, na hatukuwahi kukaa juu ya kiti cha kinga.

Tulijiandikisha katika darasa la wamama wanaoanza. Kulikuwa na Mmoroko, Mturuki, Waafghanistani wawili, na sisi na kitenge chetu tulichokifunga vizuri ili kisiingie katika mnyororo. Lugha ya pamoja ilikuwa Kiflama chetu kibovu na kicheko. Mwalimu, mwanamke mrefu, alikuwa anashika kiti kwa nyuma na kukimbia pamoja nasi. Sisi waalimu tunaijua kazi hiyo: unashika mpaka mwanafunzi hahitaji tena, kisha unaachilia bila kutangaza. Juma la nne hatukujua alipoachilia. Tulijua tulipomsikia anapiga makofi, mbali nyuma yetu.

Siku ya yenga iliyofuata mama yetu hakuamini. Ilibidi mtoto mkubwa atupige picha. Sasa picha hiyo anaionyesha kwa wamama wa likelemba yake, na tunasikia mmoja wao ameanza kumfundisha binti yake katika uwanja wa kanisa, pale penye tambarare.

Meza na jirani

Mwaka 2009 Gand ulianzisha siku moja katika juma ya kula bila nyama, siku ya nne. Hakuna anayelazimishwa, lakini shuleni watoto wanapewa chakula cha mboga siku hiyo. Watoto wetu walituletea habari hiyo kama ajabu kubwa. Tulicheka. Kwetu siku zisizo na nyama hazijawahi kuhitaji tangazo.

Tukaamua basi siku ya nne iwe siku ya sombe. Tunaipata ikiwa imegandishwa, katika duka la Waafrika, na tunaipika polepole na mawese mpaka harufu inashuka ngazi zote na kutoka barabarani. Harufu hiyo ndiyo iliyomleta jirani yetu, mama mzee anayeishi peke yake. Alibisha hodi, kumbe si kwa kulalamika. Alitaka kujua ni mboga gani. Alionja kijiko kimoja. Akanyamaza. Akaomba sahani. Sasa siku ya nne ikifika saa kumi na mbili jioni, mtoto mdogo anaweka viti sita bila kuambiwa.

Naye alitulipa kwa chakula cha mji wake, kinachoitwa waterzooi: mchuzi mweupe wa kuku, wengine wanatumia samaki, pamoja na karoti, viazi na mafuta ya maziwa. Tulimweleza mama yetu kwa telefone, kiungo kwa kiungo. Akauliza: "Pilipili wanatia saa ngapi?" Tukasema hawatii. Akafikiri. "Basi ni chakula cha mgonjwa. Lakini mshukuruni."

Sokoni nako kuna furaha zake. Uwanja unaoitwa Vrijdagmarkt, maana yake soko la siku ya tano, una soko siku hiyo tangu mwaka 1199. Bei imeandikwa, huwezi kubishana kama Kadutu, na hilo tulilikosa sana mwanzoni. Lakini nyongeza ipo. Ukienda kununua nyama na mtoto, mwuzaji anakata kipande cha soseji, anainama juu ya kioo na kumpa mtoto mkononi, bure. Anafanya hivyo kwa kila mtoto. Mtoto wetu wa pili sasa anapenda sana kutusindikiza kununua nyama, na kwa mambo mengine ana miguu inayouma.

Maktaba karibu na maji

Siku ya tatu masomo yanaisha saa sita, na mchana wote ni wa watoto. Sisi tunawapeleka De Krook, maktaba kubwa ya mji iliyofunguliwa mwaka 2017 ukingoni mwa Escaut. Watoto wanaazima vitabu bila kulipa. Wanaingia na mfuko mtupu, wanatoka na mfuko ambao hawawezi kuubeba.

Wamama ambao ni waalimu watatuelewa. Tulifundisha darasa la wanafunzi 60 kwa kitabu kimoja, nacho kilikuwa cha mwalimu, na somo lote tuliliandika ubaoni kwa chaki. Mara ya kwanza tuliposimama katikati ya rafu hizo hatukusoma kitu. Tulitembea tu tukigusa migongo ya vitabu kwa kidole, kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani.

Karibu na hapo kuna bustani ya Zuid. Zamani ilikuwa na sanamu ya kichwa cha mfalme Léopold II. Tarehe 30 mwezi wa sita 2020, siku Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, mji uliiondoa. Sisi tulikuwa bado Bukavu. Tulipomweleza mama yetu kwamba watoto wake wa Kongo wanakimbizana katika bustani hiyo wakitoka kusoma, alikaa kimya kidogo. Babu yake alilima barabara kwa kulazimishwa wakati wa Wabelgiji. Kisha akasema: "Basi wakimbie. Wakimbie sana."

Taa za Sint-Veerleplein

Tumeacha kwa mwisho jambo ambalo mama yetu analiomba tulirudie.

Katikati ya Gand kuna ngome ya mawe, Gravensteen, iliyojengwa mwaka 1180. Mbele yake kuna uwanja mdogo, Sint-Veerleplein. Zamani za kale hapo ndipo walipowaua watu waliohukumiwa, mbele ya umati. Leo uwanja huo una taa za barabara kama zingine, lakini zimeungwa na matenite za mji. Mtoto akizaliwa, wazazi wanabonyeza kitufe kule hospitalini, na taa za uwanja zinaongeza mwanga polepole, kisha zinarudi kama zilivyokuwa. Aliyebuni jambo hilo ni msanii wa Italia, Alberto Garutti, naye aliliita kwa lugha yake "kwa waliozaliwa leo". Hakuna jina la mtoto, hakuna swali kama baba yake ni tajiri au kama mama yake ana makaratasi.

Tunapita hapo mara nyingi jioni. Wageni wanaopiga picha za ngome hawajui. Sisi tunajua, na mwanga ukipanda watoto wetu wanapiga kelele: "Mmoja!" Jioni moja walihesabu wawili katika muda wa kula viazi vya kukaanga.

Mwezi wa tatu wa mwaka 2025 dada yetu mdogo alijifungua Bukavu. Ilikuwa usiku, risasi zilikuwa zinasikika, na hakuna aliyethubutu kutoka nje. Mama yetu na mama mmoja jirani walimzalisha nyumbani kwa mwanga wa telefone. Mtoto alitoka salama, msichana. Lakini mama yetu alituambia kitu kilichomuuma kuliko hofu: hawakupiga vigelegele. Walifunika kinywa. Mtoto wa kwanza katika ukoo wetu aliyepokelewa kimya.

Jioni ya siku ile tulikwenda uwanjani, wote watano. Palikuwa na baridi. Tulisimama chini ya taa tukingoja, hatujui kama tutangoja dakika tano au saa mbili. Watoto walianza kulalamika vidole. Kisha mwanga ukapanda. Tulijua si wake. Ulikuwa wa mtoto wa Gand, wa mama tusiyemfahamu, na tunamwombea mema. Lakini tulipiga vigelegele. Tulivipiga vile vya kwetu, virefu, mkono mdomoni, binti yetu mkubwa akiitikia. Wageni wakageuka. Bwana mmoja akavua kofia, hatujui kwa nini. Baba watoto alikuwa ameshika telefone, na Bukavu mama yetu alikuwa anasikiliza, naye akamwekea dada yetu sikioni.

Hatuna maneno zaidi juu ya jioni hiyo.

Kwa nini tunawaandikia

Hatuandiki ili mtamani Gand. Mwezi wa kumi na mbili hapa, saa mbili na nusu asubuhi bado ni giza, na kabla ya saa kumi na moja jioni giza limerudi. Diploma yetu bado iko katika faili fulani ikingoja jibu, na mwalimu wa miaka minane kwa sasa anawasimamia watoto wanapokula saa sita. Upweke wa siku ya yenga, wakati barabara iko kimya na hakuna mtu anayeingia bila kutangaza, huo hauna dawa.

Kulikuwa pia na swali lililotukaa rohoni: je, ni halali kufurahia bata na soseji ya bure wakati nyumbani watu wanalia? Tulimwuliza mama yetu waziwazi. Alijibu kama anayemjibu mtoto: "Huzuni yenu hainipikii. Furaha yenu hainiibii kitu. Mimi nataka kujua kwamba macho yenu bado yanaona."

Tangu hapo tumegundua kwamba kazi hiyo imegeuka na kurudi upande wa pili. Sasa naye anatupa kitu kimoja kizuri cha Bukavu kila juma. Mparachichi wa uani umezaa matawi yakainama. Wavuvi wamerudi na sambaza nyingi, nusu ya avenue ilinukia samaki. Yule mtoto wa usiku wa risasi ameota meno mawili na anamuuma kila anayemkaribia. Vitu hivyo vilikuwepo. Vita ilikuwa inavifunika, na sisi kwa maswali yetu ya kila juma tulikuwa tunaisaidia kuvifunika.

Kwa hiyo tuna ombi dogo kwa vikundi vyenu. Mnapokutana kwa likelemba, kwa maombi au kwa kazi ya shamba, kabla ya kuhesabu feza na kabla ya kuhesabu matatizo, kila mama aseme kitu kimoja kizuri alichokiona juma hilo, kisicho cha kununuliwa. Anayekosa asiaibishwe, wenzake wamsaidie kutafuta. Waalimu mnaweza kufanya vivyo hivyo darasani siku ya kwanza ya juma. Tumejaribu na watoto wetu mezani, na tunawaambia kwamba mara ya tatu wanaanza kugombea nani aseme kwanza.

Na mtoto akizaliwa katika avenue yenu, hata kama usiku ule hamkuweza kufungua mlango, msimwache apite kimya. Ngojeni kupambazuke, tokeni nje, mpige vigelegele vyake hata kama ana siku tatu. Kwetu hizo ndizo taa.

Tunawatakia juma jema, ninyi na watoto wenu.